Kinachobaki Mapishi Yakihama

Mwaka 1963 Reginald Maudling, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, aliondoa sharti lililodumu tangu zama za Gladstone, mwaka 1880, kwamba mtu apikaye pombe nyumbani kwake kwa matumizi ya jamaa zake hana budi kuwa na leseni ya serikali; na katika miaka iliyofuata, watu waliokuwa wakilifanya jambo hilo kwa kusitasita wakaanza kulifanya mchana, wakanunua kimea na maua ya hopsi madukani, na wakaandikiwa vitabu. Dave Line alitoa chake mwaka 1974. Graham Wheeler na Roger Protz walitoa chao mwaka 1993, nao walikusudia kumfundisha msomaji apike jikoni mwake bia zile zile zilizokuwa zikiuzwa na viwanda vya kale vya nchi ile. Vitabu vya namna hii havikai kwao. Marekani nayo ilikwisha kuhalalisha upishi wa nyumbani kwa sheria aliyoitia saini Rais Carter mwaka 1978, na mtu wa Ohio au Oregon, asiyepata kuiona Burton wala Kent kule Uingereza, alipofungua ukurasa alikuta ameamrishwa shayiri isiyolimwa kwao, maua yanayomfikia yakiwa yamekwisha harufu, sukari asiyoijua, maji yasiyotoka katika mfereji wake, na hamira iishiyo katika kiwanda kimoja tu duniani. Akabadilisha hiki kwa kile, akapika, akaiita kwa jina lile lile lililoandikwa kitabuni.

Je, ni ile? Hilo ndilo suala langu, na nisidhaniwe kwamba nimelishika kwa ajili ya kinywaji chenyewe. Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa katika watu wasiokinywa, na hukumu ya kukinywa kwetu imekwisha kukatwa wala siifungui. Lakini kitu kilichoharimishwa hakikuharimishwa kufikiriwa. Wanazuoni wetu wa fikihi wameandika juu ya ulevi, uchachu na mageuko yake kwa uangalifu ambao wapishi wenyewe hawajaufikia, na katika kuwasoma hao nimeona kwamba suala la mpishi wa Ohio na suala la faqihi ni ndugu wa tumbo moja.

Wanafilosofia watataka kuniletea hapa merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa ubao mmoja uliooza na kupachika mwingine mzima, hata wenye hikima wakashindana kama ni ile ya zamani au ni nyingine. Mfano huo una sifa kubwa lakini hautufai. Merikebu ile haikuondoka bandarini mwake, na ubao mpya uliwekwa kati ya mbao kongwe zilizokuwa zikiushuhudia, hata kuendelea kwake kwenyewe kukawa hoja. Apikaye bia ya Kiingereza ng'ambo hana hata ubao mmoja wa kale, ana karatasi. Yeye huunda chombo kizima kwa mara moja, katika bandari nyingine, kwa miti ya huko, na hana cha kukionyesha isipokuwa kudai kwamba ameijua siri ya chombo cha kwanza.

Basi tuanze kwa kuuliza wenyewe wanasemaje. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa mapumzikoni katika jimbo la Kerry, Ireland, walikasirishwa na bia iliyokuwa ikienea siku zile nchini mwao, bia iliyochujwa, ikauawa kwa moto, ikatiwa baridi na kusukumwa kwa gesi; wakaanzisha chama ambacho leo hujulikana kwa jina la CAMRA, na kwa kile walichokitetea likapatikana jina la real ale, ambalo mimi nitaliita bia hai. Fasili yao, kwa muhtasari, ni hii: iwe imepikwa kwa vitu vya asili, iwe imechachuka mara ya pili na kupevuka ndani ya chombo kile kile kitakachomiminiwa, na imiminwe pasina kutiwa gesi ya kaboni itokayo nje. Mwenye kusoma kwa makini atastaajabu kwa yale yasiyotajwa. Haitaji Uingereza. Haitaji shayiri ya aina fulani, wala maua ya Kent, wala maji ya Burton. Inataja tendo, na inataja kizuizi: kilichomo ndani ya pipa na kifanye kazi yake chenyewe, na cha nje kisiingizwe kuifanya kwa niaba yake.

Sasa na asikilize mtu aliyesoma vitabu vya Kishafii, kama wasomavyo watu wengi wa mwambao wetu tangu karne nyingi. Mvinyo ukigeuka kuwa siki wenyewe, umetoharika, na chombo chake kimetoharika pamoja nao; hata ukihamishwa kutoka kivulini ukawekwa juani, au juani ukarudishwa kivulini, kwa kauli iliyo sahihi haudhuriki. Lakini ukitiwa kitu ndani ili kuuhimiza ugeuke, ingawa ni kitunguu au kipande cha mkate, siki hiyo haikutoharika. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi hawakuliona hivyo. Kwao siki ni siki, kwa kuwa dhati imegeuka, na aliyeigeuza hana athari katika hukumu. Ndiyo maana mama wa Kishafii atengenezaye siki ya tembo la mnazi kwa ajili ya achari huliacha tembo katika mtungi, akangoja.

Ufanano huu, kwa kadiri nionavyo, si wa bahati. Watu wa CAMRA, ambao sidhani kama yeyote kati yao aliwahi kufungua kitabu cha fikihi, wameweka mpaka pale pale alipouweka Imamu Shafi'i: kati ya mageuko yanayotoka ndani ya kitu na mageuko yanayoshurutishwa kutoka nje. Na kama ilivyo ada ya kila mpaka, ikhtilafu ilizuka juu yake. Kuna kifaa ambacho wenye vilabu hukifunga juu ya pipa, ili bia inapopungua nafasi yake ijazwe na gesi ya kaboni isiyo na msukumo badala ya hewa iharibuyo. Gesi hiyo haiisukumi bia wala haiitii povu, inailinda tu. Je, hiyo ni ya nje au si ya nje? Kwa miaka mingi chama kilikikataa kifaa hicho, hata mwaka 2018 wanachama walipopiga kura na kuacha kukipinga. Nimesoma hoja za pande mbili, nikawaona Mashafii na Mahanafi wameketi katika ukumbi wa mkutano wa Kiingereza.

Ikiwa hivyo ndivyo, mpishi wa Ohio amekwisha kushinda nusu ya daawa yake. Akiitia bia yake katika chupa au kasiki pamoja na hamira iliyo hai na sukari kidogo, ikachachuka tena humo, bia hiyo ni hai, wala hakuna awezaye kumnyang'anya neno hilo. Lakini yeye hakuahidi bia hai tu. Aliahidi bia ya Kiingereza, tena ya kiwanda fulani, kwa vitu ambavyo si vya huko. Nusu hii ya pili ndiyo yenye uzito.

Wanazuoni wa usuli wanapokutana na jambo lisilotajwa na matini, hutafuta illa: sababu ambayo kwayo hukumu ya asili iliwekwa. Wakiipata, huihamishia hukumu kwa tawi. Na wakikosea illa, kiasi chote, yaani ulinganishi huo, huporomoka, ijapokuwa kwa sura kinapendeza. Mimi nasema kwamba mwenye kuhamisha mapishi hana kazi nyingine zaidi ya hiyo. Kila kilichoandikwa katika karatasi ya Burton au ya Sussex kiliwekwa kwa sababu, na anayenakili kitu pasipo sababu yake aghalabu huharibu kile alichodhani anakihifadhi.

Chukua maji. Maji ya visima vya Burton upande wa mto Trent hupita katika jasi, nayo huyatia salfeti kwa wingi usio wa kawaida. Kalsiamu yake huipa mash, yaani uji wa kimea, kadiri ya ukali inayotakiwa, na salfeti yake huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na uliokatika vizuri ulimini. Katika karne ya 19 viwanda vya London vilijenga matawi Burton kwa ajili ya maji tu, kwa sababu maji yao wenyewe, yenye chokaa, yalifaa bia nyeusi kuliko bia ya rangi ya dhahabu. Kisha wakemia wakang'amua siri, na kutia jasi katika maji ya mbali kukawa ada ya wapishi wa dunia nzima. Sasa mwenye kufuata dhahiri husoma kwamba atie vijiko vya jasi, akavitia. Na ikiwa maji ya mji wake yana salfeti tangu kisimani, bia yake hutoka kama dawa. Mwenye kufuata illa hupima kwanza maji ya kwake, kisha akatia kinachopungua, na pengine asitie chochote. Huyu wa pili ameiacha herufi ya kitabu, naye ndiye aliyekitii. (Kuna kosa la herufi lililo jepesi zaidi ya hili, nalo ni la vipimo: galoni ya Kiingereza ni lita 4.55 takribani, na ya Marekani ni lita 3.79, hata mtu akaweka kimea cha galoni tano za Kiingereza katika galoni tano za Marekani, akaishia na bia yenye nguvu ambazo mwenye kitabu hakuzikusudia.)

Sukari inatufunza zaidi, kwa sababu hapo ucha Mungu wa wapishi ndio uliowapotosha. Wengi wa wapishi wa Marekani wa kizazi cha kwanza walisikia habari za amri ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka bia iwe ya shayiri, hopsi na maji pekee, wakaiona kuwa ndiyo kipimo cha usafi kwa bia zote. Basi walipokuta sukari katika mapishi ya Kiingereza waliiona ni ghushi ya wafanyabiashara, wakaiondoa na kuweka kimea mahali pake, wakidhani wamekitakasa kitu. Walakini Uingereza iliruhusu sukari viwandani tangu mwaka 1847, na wapishi wake waliitumia kwa makusudi, aghalabu ile iliyokwisha kuvunjwa kwa asidi hata ikawa nyepesi kwa hamira: huongeza nguvu pasipo kuongeza uzito, nayo huiacha bia kavu na laini, iweze kunyweka jioni nzima bila kumkinaisha mtu. Bia ya kimea kitupu, kwa mapishi hayo, ni nzito na tamu, bora labda kwa mizani ya Bavaria, lakini si ile. Usafi wa madhehebu moja haukuwa usafi wa nyingine, na aliyeutia pasipo mahali pake ameongeza bidaa huku akijiona ameiondoa.

Juu ya shayiri sitakaa sana. Maris Otter, ambayo wapenzi wa bia hii huitaja kama watu watajao jina la mzee wa ukoo, ilizalishwa na wataalamu wa taasisi ya Cambridge kwa kuchanganya mbegu mbili na kutolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo ukongwe wake ni mdogo kuliko wadhanivyo wengi waisifuo. Wanaisifu kwa haki, maana bia dhaifu, ya asilimia tatu na nusu au nne, haina pa kuficha upungufu wa kimea. Illa yake ni ladha, na mpishi wa mbali huitafuta kwa kuongeza vimea vilivyokaushwa kwa moto zaidi, akaikaribia.

Hopsi ndizo zilizonichekesha. Ua liitwalo Fuggle, fahari ya Kent, lilipelekwa katika nchi ambayo leo ni Slovenia, likastawi huko na kupewa jina la Styrian Golding, ilhali Golding ni ua jingine kabisa. Wakawapo wapishi waliokataa lile la Slovenia kwa kuwa ni la kigeni, wakamlilia Mkent ambaye alikuwa mbele yao amevaa kanzu ya ugenini. Na Willamette, iliyotolewa Oregon mwaka 1976, ni mzao wa Fuggle. Mpishi wa Oregon achukuaye Willamette iliyochumwa msimu ule ule, na kuiacha Fuggle iliyokaa ghalani mwaka mzima, anamfuata mtoto aliye hai kuliko jeneza la mzazi. Mimi ningemsadiki huyo.

Tena Waingereza wenyewe hawakuacha kubadilisha. Bia hai huwa na vumbi la hamira, na ili ing'ae katika bilauri hutiwa gundi itengenezwayo kwa mabondo ya samaki. Zamani mabondo hayo yalitoka kwa samaki wakubwa wa mito ya Urusi. Yakawa ghali, na mwaka 1795 William Murdoch akaonyesha namna ya kutumia ya chewa wa bahari ya kaskazini. Baadaye yakatafutwa katika maji ya joto, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria, ambayo wavuvi wa Mwanza na Kisumu huyajua kwa bei yake kuliko kwa kazi yake, nayo yameingia katika biashara hiyo. Hakuna mnywaji wa Sussex aliyelalamika kwamba bia yake imekuwa ya Mwanza. Illa ilikuwa kung'aa, na ikatimia.

Nimesema haya kwa wepesi, kana kwamba kila kitu kina illa inayopatikana kwa kuitafuta. Si kweli, na wanazuoni walilijua hilo kabla yetu. Yako mambo ambayo huyaita ya taabudi: hatujui kwa nini rakaa za alfajiri ni mbili na za magharibi ni tatu, na kwa kuwa hatujui, hatufanyi kiasi juu yake, tunalipokea jambo kama lilivyo. Katika upishi wa bia, hamira ndiyo ya taabudi. Kimea, maji, sukari na maua huzungumza lugha ya sababu. Hamira ni kiumbe, kina hulka yake, na hamira mbili zikitiwa katika maji matamu ya kimea yaliyogawanywa nusu kwa nusu kutoka sufuria moja hutoa bia mbili ambazo mwonjaji hatazidhania kuwa za baba mmoja.

Kiwanda cha Harvey's, katika mji wa Lewes, Sussex, ni mfano ninaoupenda. Bia yake wenyeji huihesabu kuwa ni sauti ya Sussex yenyewe. Lakini hamira yake ilipatikana mwaka 1957 kutoka kiwanda cha John Smith's, Tadcaster, huko Yorkshire, upande wa pili wa nchi. Tangu hapo imechukuliwa kutoka pishi moja na kutiwa katika jingine, juma kwa juma, kizazi kwa kizazi, mpaka imekuwa ya Lewes. Nani aliyeihamisha uraia? Si mtu aliyeandika karatasi. Ni kule kukaa, na kulishwa kwa kimea kile kile na maji yale yale.

Kutoka hapo naona udhaifu wa pakiti ya hamira kavu anayoinunua mpishi wa nyumbani. Emil Hansen, katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alifaulu mwaka 1883 kutenga chembe moja ya hamira na kuizidisha ikiwa safi, na faida ya jambo hilo haina mfano. Lakini viwanda vingi vya Uingereza viliendelea kupika kwa hamira za mchanganyiko, na sababu yake mojawapo ilikuja kufichuka katika maabara ile ile. Mwaka 1904 Niels Claussen alieleza kwamba ladha ya bia za Kiingereza zilizolazwa muda mrefu ilitokana na hamira ya pili, ya polepole, ifanyayo kazi baada ya ile ya kwanza kuchoka. Akaipa jina la Brettanomyces, kwa nisba ya Uingereza. Kumbe kile kilichokuwa cha Kiingereza kuliko vyote hakikuandikwa katika mapishi yoyote ya Kiingereza. Kilikaa katika mbao za mapipa, na Mdenmark ndiye aliyekipa jina. Mwenye kunakili karatasi kwa uaminifu wote asingeweza kukipata, kwa sababu hakikuwamo.

Kuna jambo jingine lisilokuwamo katika karatasi. Pipa la kawaida la vilabu vya Kiingereza, liitwalo firkin, huchukua galoni 9 za kwao, lita 41 hivi, na likiisha kufunguliwa hewa huingia, na haliwezi kukaa zaidi ya siku tatu kabla ya kuharibika. Aristotle angesema kwamba hiyo ni sababu ya mwisho ya kitu, yaani kile ambacho kwa ajili yake kimefanywa: pipa hilo limedhani tangu mwanzo kwamba kuna jirani wa kutosha kulimaliza. Mtu apikaye peke yake katika kitongoji cha Ohio anaweza kuwa na shayiri, maji, maua na hata hamira ya Harvey's, akakosa majirani arubaini. Ndiyo maana hukimbilia chupa, na chupa inakubalika katika fasili. Ila nadhani hapa amehamisha hukumu na kuiacha illa nyuma, na kati ya mabadiliko yake yote hili ndilo asilolihesabu kuwa badiliko.

Na jina je? Aiite bia ya Burton? Nisba ina namna mbili. Iko ya mahali, nayo haihami. Na iko ya njia. Mtu wa Mombasa huitwa Mshafii ingawa hakuzaliwa Gaza alikozaliwa imamu, wala hakuona Fustat alikofia mwaka 820. Kwa namna hii ya pili mpishi wa Ohio anaweza kujinasibisha na Burton bila kusema uongo. Tena imamu mwenyewe alihama. Alipokuwa Iraq alikuwa na kauli zake, na alipofika Misri alizirudia nyingi akazibadilisha. Wako wasemao ni kwa sababu ya ada za nchi mpya, na wako wasemao ni kwa dalili alizozipata baadaye. Zikaitwa kauli ya kale na kauli mpya, na madhehebu yakabaki moja. Wafuasi wake waliokuja nyuma waliishika ile mpya, isipokuwa katika masuala machache ambayo waliona ya Iraq ina nguvu zaidi, wakairudia hiyo, na kila mahali walipofanya hivyo waliandika kwa nini.